Mkono ambao gemu halikuuona

Baba aliunyanyua mkono wake wa kulia polepole, kama mtu anayeinua ndoo iliyojaa hadi ukingoni na hataki tone limwagike. Rimoti nyeupe ilikuwa imefungwa kwenye kifundo kwa ile kamba yake. Kiwiko kikaachana na mkono wa kiti. Kikapanda usawa wa mbavu. Nikajikuta nahesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye nne, rimoti ilikuwa karibu na sikio.

Miezi mitano tangu kiharusi, mkono ule haukuwahi kufika sikioni.

Kwenye televisheni, yule mtu wa katuni aliyechezwa na Baba alisimama kama mlingoti. Mpira mdogo mweupe ukaja, ukampita, ukapotea. Ikalia sauti ya kushindwa. Pointi kwa mpinzani.

Baba akaushusha mkono, anahema. Mpira wa pili ulipokuja hakunyanyua chochote. Alikung'uta kifundo tu, kama anayekung'uta maji vidoleni baada ya kunawa. Skrini ikalipuka. Umati ukashangilia, nyota za manjano zikaruka, raketi ya yule mtu wa katuni ikapita hewani kwa mapana ambayo Baba hakuyafanya.

Wajukuu wakapiga makofi. Baba akacheka kwa ile nusu ya mdomo inayocheka vizuri.

Mimi nilikwenda jikoni nikafungua bomba la maji, nikaliacha likitiririka.

Imepita miezi miwili na jambo lile halijanitoka.

Kumi ni nyingi kuliko tano

Mwaka 2009 nilikaa wiki tatu kwa shangazi yangu, Leicester, Uingereza. Alikuwa na Wii, ile mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka mwishoni mwa 2006, na gemu lililokuja nayo ndani ya boksi, Wii Sports. Michezo mitano: tenisi, besiboli, boling, gofu, ndondi. Shangazi alikuwa amepita miaka sitini, hajawahi kushika gemu la aina yoyote maishani mwake, na kila usiku alinifunga kwenye boling. Alisimama na khanga yake kiunoni, akarudisha mkono nyuma, akauleta mbele kwa utulivu, akaachia kitufe. Tufe likaviringika hadi kwenye pini kumi za mwisho wa njia. Alikuwa hachezi kwa nguvu. Alikuwa anacheza kama anayesukuma mlango asimwamshe mtoto.

Gemu lile lilisambaa nakala zaidi ya milioni 82, kwa sababu karibu kila nchi nje ya Japani ukinunua mashine unalipewa humo humo. Lakini mimi sikulikumbuka kwa wingi wake. Nililikumbuka kwa sababu ya shangazi, na kwa sababu ya picha nilizoziona miaka ile za wazee wa Marekani na Uingereza, kwenye nyumba za kutunzia wazee, wakicheza boling wakiwa wamekaa kwenye viti vya magurudumu.

Kwa hiyo Baba alipotolewa Tanga na kuletwa kwangu Dar es Salaam, mkono umelala na mguu unaburuta, wazo hilo likanijia usiku mmoja na likakataa kuondoka. Baba alikuwa mchezaji wa tenisi ya meza. Alicheza miaka mingi, kwenye mashindano ya wafanyakazi wa mashirika ya umma, na bado anayo raketi yake, raba nyekundu iliyobandikwa juu yake imepauka mpaka inafanana na tofali. Mazoezi ya viungo aliyoandikiwa aliyachukia. Kuokota kokoto na kuziweka kwenye kikombe. Kupangusa meza isiyo na uchafu.

Nikampigia shangazi. Mashine ilikuwa stoo, imefunikwa na mapazia ya zamani. Ile diski ya Wii Sports ilikuwa imechubuka. Mashine inaimeza, inanguruma kidogo, inaitema. Shangazi akaenda duka la mitumba akanitumia picha mbili. Picha ya kwanza Wii Sports nyingine, safi. Picha ya pili mkusanyiko wa kampuni tofauti, michezo kumi kwenye diski moja, na mmojawapo ni tenisi ya meza. Bei karibu sawa.

Nilichagua ile ya kumi.

Jina la gemu hilo silitaji. Nilichagua mwenyewe, nimeketi kitandani na simu mkononi, nikidhani michezo kumi itampa mkono wa Baba sababu kumi za kunyanyuka.

Mishumaa miwili

Mzigo ulifika na mgeni aliyekuwa anarudi likizo. Plagi ya Uingereza inaingia kwenye soketi zetu moja kwa moja na umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo hapo hatukupata shida. Kilichosahaulika ni kile kijiti cheusi kinachowekwa juu ya televisheni. Bila hicho huwezi kuielekeza rimoti kwenye skrini, na bila kuielekeza huchagui hata mchezo.

Mwanangu wa darasa la sita ndiye aliyesoma mahali kwamba kijiti kile hakihisi kitu. Kinatoa mwanga tu, wa infraredi, usioonekana kwa macho, kutoka kwenye ncha zake mbili. Kamera iko kwenye rimoti yenyewe, inaziona zile nukta mbili na kupima imeelekea wapi. Na mshumaa unatoa mwanga huo huo.

Tukawasha mishumaa miwili, tukaiacha mbalimbali kiasi cha shubiri, mbele ya televisheni. Ikakubali! Mkono mdogo ukatokea kwenye skrini na kufuata kila alikoelekeza. Mama akasema nyumba itaungua kwa ajili ya mchezo, akaenda kukaa na ndoo ya maji karibu na kochi, na Baba akacheka hadi akakohoa.

Naieleza jioni ile kwa sababu ilikuwa nzuri kweli. Sebule nzima ilikuwa imekaa upande mmoja, kama siku za zamani tulipokuwa na televisheni moja mtaa mzima. Baba alishika rimoti akaipima uzito kiganjani. Akasema, "Hii ni nzito kuliko raketi." Akaitazama televisheni kwa macho ambayo sikuyaona tangu aanguke.

Kisha mchezo ukaanza.

Kukung'uta

Michezo yote kumi ilikuwa mmoja. Ilinichukua siku tatu kuelewa hivyo, watoto waliona siku ya kwanza. Kutupa mkuki, unakung'uta. Kupiga mpira wa wavu, unakung'uta. Kukimbia, unakung'uta haraka haraka. Tenisi ya meza, unakung'uta mpira ukikaribia, basi. Ukipeleka mkono kushoto au kulia, ukiukata mpira au ukiupiga bapa, gemu halina habari. Picha ndizo zilizobadilika, na muziki.

Watoto walilichoka kabla wiki haijaisha.

Baba hakuchoka, na hapo ndipo maumivu yangu yalipoanzia. Baba aliligundua gemu lile kama anavyogundua udhaifu wa mpinzani. Jaribio la kwanza alinyanyua mkono mzima, kwa jasho, na akakosa. La pili vivyo hivyo. Siku ya tatu ndipo akajua kwamba kifundo kinatosha. Tangu hapo kiwiko chake hakikuachana na mkono wa kiti tena, ila mara ile moja niliyoieleza mwanzo, ambayo nadhani aliifanya kwa hamu tu, kama mtu anayejaribu mlango alioambiwa umefungwa.

Akawa anafunga kila mtu. Akawa na furaha. Na mkono ukawa umelala pale pale.

Ndani ya rimoti ile kuna akselerometa, kidude kinachopima mchapuko: mwendo unavyobadilika ghafla kuelekea pande tatu. Hakijui mkono uko wapi. Kinajua tu kwamba kuna kitu kimeshtuka. Ukikung'uta kifundo, mshtuko ni mkali. Ukinyanyua mkono kwa sekunde nne, mwili mzima ukitetemeka, mshtuko ni kama hakuna. Walioandika gemu waliweka kizingiti: mtikisiko ukizidi hapa, hesabu pigo. Baba akiwa ndani ya kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuifanyia misuli yake, alikuwa chini ya kizingiti.

Kwa gemu lile, alikuwa mtu aliyekaa kimya.

Jumamosi niliyompandishia sauti

Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, lakini hiyo si sababu. Baba alikuwa anacheza na mjukuu wake mdogo, yuko mbele pointi nane kwa mbili, rimoti imelala pajani na kifundo kinaruka kama samaki.

Nikasema, "Baba, nyanyua mkono! Usikung'ute. Huo ni udanganyifu."

Nilisema kwa sauti ya juu. Mbele ya watoto. Nilitumia neno udanganyifu kwa baba yangu.

Hakujibu mara moja. Aliivua ile kamba kwa mkono wa kushoto, akaiweka rimoti juu ya meza kwa uangalifu, kitambaa kisikunjike. Akasema, "Mwanangu, mliniambia ni mchezo."

Akaomba apelekwe chumbani.

Niliingia baadaye nikapiga magoti kitandani kwake nikamwomba radhi, akanipa, akanishika kichwa kwa mkono wa kushoto. Lakini wiki mbili rimoti ile haikuguswa. Mishumaa ilibaki mbele ya televisheni na vumbi juu yake, na kila nikipita niliisikia ile sentensi. Kwa nani gemu lile lilikuwa baya? Baba alikuwa anacheka. Alikuwa anawafunga wajukuu. Kwa miezi mitano alikuwa mtu wa kuogeshwa na kulishwa, na kwa siku kumi alikuwa bingwa wa sebule. Mimi ndiye niliyeutaka mkono. Nilimnunulia mchezo, halafu nikakasirika alipoucheza.

Na bado sikuweza kujidanganya kwamba mambo ni sawa. Mkono usiponyanyuliwa, unasahau. Yule dada wa mazoezi ya viungo alituambia siku ya kwanza, kwa lugha nyepesi kabisa: ubongo unatafuta njia nyingine ya kuufikia mkono, na njia hiyo inachongwa kwa kupitwa mara nyingi. Kila pointi aliyopata Baba kwa kifundo ilikuwa ni njia ambayo haikupitwa.

Kwa hiyo nilikuwa na makosa mawili yanayogongana, na yote mawili ni ya kweli.

Rimoti ilikuwa inaona

Kuna jambo nililipata katika wiki zile mbili ambalo bado linanichoma.

Nimeandika hapo juu kwamba mkono ukinyanyuliwa polepole, akselerometa haipati mshtuko. Hiyo ni nusu. Kidude kile kinahisi pia uvutano wa dunia, muda wote, hata rimoti ikiwa imetulia. Ikielekea chini, uvutano unaonekana upande mmoja wake. Ikielekea juu, upande mwingine. Maana yake rimoti inajua imeinama kiasi gani. Siku ile ya sekunde nne, Baba alipoitoa pajani hadi sikioni, rimoti iliinuka kutoka kuelekea sakafu hadi kuelekea dari. Taarifa hizo zilitoka kwenye rimoti, zikapita hewani kwa bluetooth, zikaingia kwenye mashine.

Zilifika. Gemu halikuziuliza.

Nikakumbuka Wii Sports kwa shangazi. Kwenye besiboli, kabla mpira haujarushwa, ukiinamisha rimoti kidogo, gongo mkononi mwa yule mtu wa katuni linainama nawe. Halina faida ya pointi. Ni kukuambia tu kwamba unaonekana. Kwenye gofu, mpira ukiwa karibu na shimo, lazima upige kidogo. Mwenye papara anapitiliza. Na kwenye boling tufe la polepole linaviringika polepole, lakini linafika. Waliotengeneza gemu lile walikuwa na rimoti hiyo hiyo, yenye kidude hicho hicho. Mwaka 2009 ndipo Nintendo walipotoa kiongezeo cha MotionPlus chenye jairoskopu, kinachosoma mzunguko wa mkono kwa makini zaidi. Shangazi hakuwa nacho na hakukihitaji.

Wii Sports nayo ukitaka kuicheza kwa kifundo utaicheza. Kwenye tenisi hasa. Sitaki kulifanya takatifu. Tofauti niliyoiona ni kwamba liliacha nafasi kwa mtu anayekwenda taratibu, na hili la michezo kumi halikumfikiria kabisa mtu wa namna hiyo. Mtu huyo ndiye aliyekuwa amekaa kwenye kochi langu.

Nilipouona ule mkusanyiko kama kazi ya watu, hasira ilinipata upya. Kuna mtu alikaa akaandika namba ya kizingiti. Kuna mtu alijaribu michezo kumi akaona inachezeka kwa kitendo kimoja, akasema inatosha, ipelekwe dukani.

Karata

Nilisoma pia kuhusu wagonjwa wa kiharusi na Wii, kwa sababu nilijua lazima kuna waliojaribu kabla yangu. Upo utafiti uitwao EVREST, ulioongozwa na daktari Gustavo Saposnik kutoka Toronto, matokeo yake yakatoka 2016. Wagonjwa 141, katika Kanada, Argentina, Peru na Thailand. Nusu walicheza Wii, nusu wakapewa burudani za kawaida kama karata, bingo na kurushiana mpira. Vipindi kumi vya saa moja ndani ya wiki mbili, juu ya matibabu yao ya kila siku.

Makundi yote mawili yalipata nafuu. Wii haikushinda.

Nilifunga kompyuta nikakaa gizani. Kwanza nilihisi nimeibiwa, halafu nikafikiria karata. Karata haiendi mezani mpaka mkono umeifikisha. Huwezi kuikung'uta ikajiweka yenyewe. Lazima uibane kwa vidole, uitoe kwenye kundi, uvuke meza, uiachie. Mchezo wa bei ya soda, na hauna njia ya mkato kwa kifundo.

Asubuhi nikanunua karata nikampelekea Baba. Akazitazama.

"Mimi na karata tangu lini?"

Kweli. Baba hajawahi kucheza karata maisha yake yote. Alikuwa mtu wa raketi.

Daftari

Aliyelitatua ni yule mdogo, ambaye hakuna aliyemwomba. Sijui alisikia nini kupitia mlangoni. Nilirudi siku moja nikakuta mishumaa inawaka na kwenye ukuta kando ya kochi amebandika kipande cha solotepu, usawa wa bega la Baba akiwa amekaa. Ana daftari la hesabu mapajani na penseli.

Kanuni yake ilikuwa hii: televisheni ina pointi zake, na daftari lina pointi zake. Rimoti ikifika kwenye solotepu, Babu amepata, hata kama televisheni inasema amekosa. Isipofika, hakuna pointi kwenye daftari, hata kama umati unashangilia.

Baba alimtazama kwa muda. "Refa ni nani?"

"Mimi."

"Hakuna upendeleo?"

"Hakuna, Babu."

Siku hiyo Baba alifungwa na televisheni kumi na moja kwa sifuri. Kwenye daftari kuna mistari mitatu. Wa tatu umefutwa na kuandikwa tena, kwa sababu walibishana kama rimoti iligusa solotepu au ilikaribia tu, na refa akaamua iligusa. Nimelitazama daftari lile mara nyingi. Kurasa za mwanzo zina mistari mitatu, minne, miwili. Kuna siku hazina kitu. Kuna ukurasa ameandika *Babu amechoka* na tarehe. Wiki iliyopita solotepu ilipandishwa upana wa vidole viwili, na Baba alilalamika kwamba kanuni hazibadilishwi katikati ya ligi.

Mimi nimekatazwa kusema lolote wakati wa mchezo. Nakaa karibu na Mama na ndoo yake.

Jumapili ya juzi Coastal Union walikuwa wanacheza na Baba alitaka kusikiliza redioni. Redio yake ndogo ilikuwa imeisha betri. Nilikuwa uani naanika nguo nilipomsikia mtoto anaita, "Mama! Njoo uone, njoo uone!" Nikadhani Baba ameanguka, nikakimbia na pegi mdomoni.

Baba alikuwa ameketi, rimoti imebanwa katikati ya magoti. Mkono wa kushoto umeishikilia. Kidole gumba cha kulia kilikuwa juu ya kifuniko cha betri, kinatetemeka, kinateleza, kinarudi. Kifuniko kile kina mfereji mdogo wa kubonyeza. Hata mimi kinanisumbua.

Kikafunguka.

Betri mbili zikaingia redioni. Mtangazaji akatoka katikati ya sentensi. Baba akakiweka kifuniko pembeni, akaishika ile rimoti tupu kwa mkono wa kulia, televisheni imezimwa, mishumaa haijawashwa, akaanza kuipandisha kuelekea kwenye solotepu huku sikio liko kwenye mpira.

Mtoto alikuwa ameshachukua penseli.